Nyumba Isiyo na Mwenyewe

Dada alianza na picha ya mama. Aliishusha ukutani kwa mikono miwili, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akaiviringishia taulo na kuilaza ndani ya boksi lililokuwa la viatu vya theluji. Ikafuata ya harusi, yeye na shemeji wamesimama ufukweni Tanga, suti ya shemeji imemzidi mabega. Ikafuata ya watoto na majoho ya kumaliza shule, kisha fremu nyeusi ya Ayatul Kursiy yenye herufi za dhahabu, kisha ule mkeka wa ukili alioubeba kwenye begi mwaka aliohama. Chetezo kilikwenda kwenye buti la gari. Alipomaliza kushusha akafungua madirisha yote, baridi ya Oktoba ikaingia, ili harufu ya udi itoke.

Nikadhani wanahama siku hiyohiyo.

"Bado," akasema. "Kesho saa nne anakuja mthamini."

Ilikuwa siku yangu ya tano Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio, na nilikuwa nimeshajifunza kutouliza kila kitu papo hapo. Nikabeba boksi hadi gereji.

Columbus ni mji tambarare kama uliotandikwa. Hauna bahari wala mlima, una mto Scioto unaopita katikati bila haraka na barabara zilizonyooka mpaka macho yanachoka. Mtaa wa dada uko kaskazini-mashariki, si mbali na Cleveland Avenue, ambako Wasomali wamejaza maduka ya nguo, bucha za halali na migahawa ya wali na mbuzi. Ukishuka pale saa ya magharibi unaweza kujisahau. Lakini ukikata kona moja tu unaingia kwenye kimya. Nyumba zimekaa juu ya majani, moja baada ya nyingine, bila ukuta mbele. Mimi ni mtu wa Dar es Salaam, na Dar mtu hujenga ukuta kabla hajajua sebule itakaa wapi, kisha hupanda vipande vya chupa juu yake. Huku unaona mlango wa jirani, kiti chake cha barazani, hata boga alilolichonga macho na meno kwa ajili ya sikukuu yao. Na nyumba yenyewe ni ya mbao. Mbele imevalishwa tofali jembamba, ubavuni imevalishwa vipande vya plastiki vilivyopangwa kama mbao. Nilipoigonga kwa kidole ililia kama debe. Nikamwangalia shemeji. Akasema, "Usiigonge, ina mkopo."

Kitu kilichonishangaza zaidi ni mabango. Kwenye majani ya mbele, nyumba mbili tatu kila mtaa, kimesimikwa kibao chenye picha ya dalali, meno yote nje, namba ya simu na tangazo kwamba nyumba inauzwa. Mwenyewe yumo ndani anakula chakula chake na dunia nzima inajua anauza. Mji niliotoka mimi una maandishi ya namna nyingine. Pita Mbagala, pita Tabata, pita Kinondoni, utakuta rangi nyekundu ukutani, herufi zimepigwa kwa haraka na brashi nene: NYUMBA HII HAIUZWI. Wengine huongeza: MATAPELI KAENI MBALI. Nyuma ya maneno hayo mara nyingi kuna ndugu walioachiwa nyumba na baba, mmoja amepiga picha hati, mwingine amepokea fedha za mtu asiyemjua, na wa tatu, kwa kawaida dada mkubwa, ameenda kununua rangi. Nilipomweleza kijana wa dada, aliyezaliwa huku, alicheka sana. Akauliza kama basi nyumba zisizoandikwa zote zinauzwa. Nilitaka kumjibu nikaona swali lina mashiko.

Kwa nini dada alimwita mthamini, na kwa nini mapema hivyo? Watoto wameondoka, magoti ya shemeji yamechoka na ngazi, na mwenzake dada wa kazini ameitamani nyumba. Wamekubaliana wauziane wenyewe, bila dalali, maana madalali wa huku wamezoea kuchukua asilimia tano au sita ya bei na fedha hiyo inaweza kununua gari. Lililobaki ni bei. "Nikitaja mimi ataona namkamua," dada aliniambia. "Akitaja yeye nitaona ananinyonya. Bora itajwe na mtu asiyetujua." Mtu huyo asiyewajua alidai dola 475.

Nilikuja kufahamu kwamba wauzaji wengi hawafanyi hivyo. Dalali huwakadiria bure, na mthamini huja baadaye, ametumwa na benki ya mnunuzi. Hapo ndipo mioyo hudunda. Mkishakubaliana dola 300,000 na mthamini akaandika 280,000, benki inakopesha kwa kuangalia ile 280,000, na pengo linabaki mezani kati ya watu wawili waliokwisha kupeana mikono. Mnunuzi atoboe mfuko wake, au muuzaji ashuke, au wote wagawane, au biashara ife. Ndiyo maana wengine, kama dada, hupenda kuijua namba kabla haijawashtukiza, ingawa benki itamtuma mtu wake hata hivyo, na ripoti ya dada haitaitazama.

Na yule wa benki hapaswi kuongea na benki kiholela. Marekani iliungua mara mbili kwenye jambo hili. Miaka ya 1980 vyama vya akiba na mikopo vilianguka kwa mamia, na moja ya sababu zilizotajwa ni mikopo iliyotolewa juu ya majengo yaliyopewa thamani za hewani. Sheria ya mwaka 1989 ikataka wathamini wawe na leseni za majimbo. Halafu ukaja mtikisiko wa 2008, watu wakagundua kwamba mtoa mkopo alikuwa akimnong'oneza mthamini namba anayoitaka, naye mthamini, kwa kuogopa kukosa kazi ya kesho, akiiandika. Sheria ya 2010 ikapiga marufuku minong'ono hiyo. Siku hizi kazi nyingi hupitia kampuni za katikati, ili anayekopesha asimchague anayepima.

Nami nikamkumbuka dalali wangu wa Chanika, kule Dar. Yule alikuwa dalali, mthamini, mpimaji, mshauri wa ndoa na, nilikuja kujua baadaye, binamu wa muuzaji. Nilipouliza bei ya kiwanja aliniangalia viatu kwanza.

Mthamini alifika saa nne kasoro dakika mbili. Mzee wa Kizungu mwenye mvi, fulana ya sufi, kompyuta ya mkononi iliyofungwa kwenye ngozi. Kabla hajaingia alizunguka nje. Hilo lilinipa shida kwa sababu dada alikuwa ameamka alfajiri kukaanga vitumbua na kuchemsha chai ya tangawizi, na mgeni yuko nje analenga ukuta na kitu kidogo kama simu kinachotoa nukta nyekundu. Ni kipimo cha leza. Anakishika kwenye pembe moja, nukta inatua pembe ya pili, namba inajiandika. Pale vichaka vilipoizuia nukta, alitoa futikamba ya kawaida. Kumbe ndivyo sheria yao ya kupima ilivyo: nyumba hupimwa kwa nje, unene wa ukuta ukiwemo, na namba hutajwa kwa futi za mraba. Nyumba ya dada ikatoka futi za mraba 1,240.

Huko Chanika tulipima kwa hatua. Kiwanja kilisemwa ni ishirini kwa ishirini, na ishirini yenyewe ni hatua za miguu. Muuzaji alikuja na mpwa wake, kijana mfupi mwenye adabu, akapewa heshima ya kutembea. Baba mdogo wangu, mwenyeji wa mambo hayo, alimwacha amalize, akasema, "Sasa na mimi nina wa kwangu," akamwita dereva wa bodaboda tuliyekuja naye, mtu mrefu kama mlingoti. Hatua ishirini za dereva zilivuka mpaka, zikavuka mchongoma, zikaishia kwenye mihogo ya jirani. Ilibidi mjumbe aamue. Akaamua hatua ziwe za katikati, akatembea mwenyewe. Mpaka leo mti wa pembeni uko pale alipoushindilia kisigino.

Mthamini aliingia ndani akiwa amevalisha viatu vyake vifuko vya plastiki vya buluu. Dada akamkaribisha chai. Akashukuru, akaomba radhi, akakataa. Akakataa na kitumbua, na hata maji. Shemeji alinieleza kwa sauti ya chini kwamba labda mtu wa kazi ile akila cha mwenye nyumba yanaweza kuzuka maneno. Basi tulikaa jikoni sisi watatu tunakula vitumbua kimyakimya, kama watu waliofika msibani mapema, huku tunasikia milango ikifunguliwa. Alipiga picha kila chumba. Alipiga picha choo. Alifungua bomba na kulifunga. Aliangalia juu kutafuta kile kiduara cheupe kinacholia moshi ukitokea. Dirishani alichunguza rangi kama imebanduka, kwa sababu nyumba imejengwa 1968 na rangi za kabla ya 1978 huenda zikawa na madini ya risasi.

Halafu akashuka chini, na hapo ndipo shemeji aliposimama.

Chini ya nyumba nyingi za huku kuna chumba kilichozama ardhini, besimenti, ukubwa karibu sawa na nyumba yenyewe. Shemeji aliimaliza ya kwake kwa mikono yake, majira matatu ya baridi. Amepiga dari, ametandaza sakafu, amejenga jiko dogo, ametenga pembe ya kuswalia, ameweka makochi ambako watu wa Tanga, Mombasa na Bujumbura wameshangilia mpira mpaka jirani akauliza kama kuna heri. Ukimuuliza shemeji nyumba yake iko wapi atakuonyesha kule chini. Mthamini alipima, akapiga picha, akasifu kazi. Kisha akaeleza kwa upole kwamba futi zile hazitaingia kwenye 1,240. Kinachohesabiwa kama eneo la kuishi ni kilicho juu ya ardhi. Kilichozama, hata kikizama upande mmoja tu, huandikwa mstari wa pembeni na kuthaminiwa kwa kiasi kidogo zaidi. Shemeji akaitikia kwa kichwa. Mgeni alipopanda ngazi, shemeji alibaki chini akizima taa moja moja.

Dakika arobaini zilitosha. Akaaga, akavua vifuko vya buluu kibarazani, akaondoka. Hakuuliza dada ameishi pale miaka mingapi wala anauza kwa nini.

Siku nzima iliyofuata nilikuwa na swali moja: bei inatoka wapi? Dada akanikalisha mbele ya kompyuta. Alifungua tovuti ya mkaguzi wa hesabu wa Kaunti ya Franklin, akaandika anwani yake, na hapo pakatokea kila kitu: jina lake, mwaka nyumba ilipojengwa, mchoro wake, picha iliyopigwa kutoka barabarani, kodi anayolipa, na bei aliyonunulia. Akaandika anwani ya jirani wa kulia. Yote yakaja. Wa kushoto. Yakaja. "Huyu alinunua mwaka juzi," akasema, kama anayesoma bei ya nyanya. Nikajikuta nimevuta kiti. Nilisoma bei za mtaa mzima, nikijihisi kama ninachungulia madirisha ya watu, na hakuna aliyenifukuza.

Kwetu bei ya nyumba ni siri kuliko mshahara. Bei ya kwenye mkataba na bei iliyohesabiwa mezani ni ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali. Muuzaji ana sababu zake, kodi ikiwa mojawapo, na mnunuzi hataki shemeji zake wajue anazo. Mthamini wetu anayetaka kujua nyumba ya jirani iliuzwaje anatembea, anauliza, anaambiwa uongo na watu watatu, kisha anachukua katikati. Wapo waliosomea, wengi wao wamepitia Chuo Kikuu cha Ardhi, na tangu 2016 tuna sheria maalumu ya uthamini na usajili wa wathamini. Ukitaka kuhamisha hati utaombwa ripoti iliyopita kwa Mthamini Mkuu wa Serikali. Elimu wanayo. Kinachowakosesha usingizi ni wale majirani watatu.

Uwazi wa Ohio una gharama zake. Kodi ya nyumba huko hufuata thamani. Kila kaunti hutathmini upya nyumba zote kila miaka sita na kurekebisha katikati, mwaka wa tatu. Kodi inakokotolewa kwenye asilimia 35 ya thamani hiyo. Franklin walitathmini upya 2023, soko likiwa limepanda sana, na barua zilipofika, dada anasema, ilikuwa kilio mtaa mzima: watu walewale wanaofurahi nyumba kupanda bei walikwenda kulalamika kwamba haijapanda kiasi hicho. Dada hulipa zaidi ya dola 4,000 kwa mwaka. Nilimweleza kwamba sisi, tangu 2021, kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme imeshakwenda. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ya vyumba vitatu ya bati au ya vyumba vitano ya vigae, sawa tu. Akanyamaza kidogo. "Na mpangaji?" akauliza. Nikamwambia mpangaji ndiye mwenye kununua umeme. Tukacheka mpaka shemeji akaja kuuliza kuna nini.

Sasa nirudi kwenye picha. Usiku wa kabla ya mthamini sikuuliza, lakini baada ya kuondoka kwake niliuliza, na dada hakunijibu moja kwa moja. Alisema wenzake kazini, Waamerika weusi waliozaliwa hapahapa, ndio walimwambia: siku hiyo toa picha zako. Toa na vitabu, toa na vinyago. Mmoja alisema yeye humwomba rafiki yake Mzungu akae ndani ya nyumba, naye mwenyewe huenda sokoni.

Nilidhani ni maneno ya watu. Kisha nikasoma habari ya wanandoa weusi wa Marin City, California, ng'ambo ya daraja kutoka San Francisco. Nyumba yao ilithaminiwa dola 995,000. Hawakuridhika. Wiki chache baadaye akaja mthamini mwingine. Safari hii waliondoa picha zao, rafiki yao Mzungu akaweka za familia yake na kufungua mlango kama mwenye nyumba. Ikatoka dola 1,482,500. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2023 shauri likaisha kwa mapatano. Nyumba ile haikuongezwa hata kitasa.

Jambo lenyewe lina mizizi. Miaka ya 1930 shirika la serikali kuu lilichora ramani za miji zaidi ya 200 na kuzipaka rangi nne, kijani kwa mitaa salama kukopesha, buluu, njano, na nyekundu kwa ile ya hatari. Walikoishi watu weusi palipakwa nyekundu. Columbus ilichorwa 1936. Sheria iliyokataza ubaguzi wa makazi ilipitishwa 1968, mwaka uleule nyumba ya dada ilipojengwa. Nilitembea siku moja upande wa mashariki wa katikati ya mji, kwenye mitaa iliyokuwa nyekundu. Kuna nyumba kubwa za tofali, nzuri kuliko ya dada kwa kila hali, nyingine zina mbao madirishani. Kuhusu yule mzee wa fulana ya sufi sina la kusema. Alikuwa mstaarabu, alipima vizuri. Lakini dada hakuwa na njia ya kumjua kabla hajaingia, na picha ni nyepesi kushusha.

Kilichonikaa moyoni ni picha yenyewe ya mama. Ile iliyokuwa ukutani kwa dada ilipigwa siku ya uthamini.

Barabara ilikuwa inapanuliwa, na shamba letu nje kidogo ya Tanga lilikuwa njiani. Wathamini walikuja watu wanne, mwenyekiti wa kijiji mbele, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kumtafuta mwenye nyumba. Kwetu uthamini wa fidia haufanyiki bila uso. Mama aliambiwa atapigwa picha, akaomba asubiriwe, akaoga, akavaa doti mpya. Akasimama mbele ya nyumba na kibao kifuani chenye namba iliyoandikwa kwa chaki, mnyoofu kama askari, wakampiga. Mdogo wetu mmoja akapiga na ya kwake kwa simu. Dada aliisafisha Marekani, akakata pale chini kibao kisionekane, akaitia fremu.

Baada ya picha walihesabu. Walihesabu mabati na matofali, kisha wakaingia shambani, nami sijapata kuona hesabu ya namna ile. Kila mnazi ulisimamiwa na kuulizwa umri: mchanga, unaozaa, uliochoka. Mama alibishana nao mnazi kwa mnazi. Mmoja walisema umechoka, akamwita mjukuu aupande, akaangusha madafu manne mbele yao, wakafuta wakaandika upya. Mwembe, michungwa, migomba kwa mashina. Makaburi mawili yaliandikwa kwenye karatasi yake peke yake, kwa sababu kuhamisha kaburi kuna sheria yake, ya mwaka 1969. Kanuni za fidia zilizokuja baada ya Sheria ya Ardhi ya 1999 zinataja hata posho ya usumbufu, pango la miezi 36, na gharama ya kusafirisha mizigo tani 12 kwa kilomita 20. Mama hakuwahi kumiliki tani 12 za kitu chochote. Fedha zilichelewa, zikachelewa tena, na zilipofika bei ya mabati ilikuwa imeshapanda. Hilo ni la kwetu na tunalijua. Lakini madafu yale manne yaliingia kwenye hesabu.

Nyuma ya nyumba ya dada kuna tuta la mchicha na tuta la maboga, mbegu zimetoka kwa mama wa Kikongo wa mtaa wa tatu. Nilimuuliza kama mzee aliyaandika. "Majani?" akasema.

Ripoti ilikuja baada ya siku sita, kurasa zaidi ya ishirini. Niliisoma kuliko wao. Niligundua kwamba nyumba ina umri wa namna mbili: ule wa kuzaliwa, na ule wa kuonekana, ambao mthamini huukadiria kwa kuangalia ilivyotunzwa. Nyumba ya dada kwenye karatasi inaonekana na miaka ishirini. Dada alisema naye angependa fomu hiyo. Niligundua kwamba choo na sinki bila pa kuogea ni nusu bafu, hivyo nyumba ina bafu moja na nusu. Kuna alama ya hali ya nyumba, kutoka moja hadi sita, moja ikiwa mpya kabisa. Yao ilipata nne, na shemeji aliichukulia kama matokeo ya darasa la saba.

Moyo wa ripoti ni jedwali la nyumba tatu za mtaani zilizouzwa karibuni. Nilivyotarajia ni kwamba watachukua nyumba ya dada na kuipunguzia na kuiongezea. Sivyo. Zinazobadilishwa ni zile za wenzake. Ya kwanza iliuzwa dola 279,000, lakini ina bafu mbili kamili, toa 4,000. Ina gereji ya magari mawili, ya dada ni ya gari moja, toa 5,000. Ni ndogo kidogo, ongeza 3,000. Inabaki 273,000, yaani jirani amevalishwa mwili wa dada ili aonekane angeuzwa bei gani. Ya pili na ya tatu vilevile. Mwishoni mzee akapima zote tatu na kuandika 271,000. Besimenti ya shemeji imo, mstari mmoja, dola chini ya elfu kumi. Nilitafuta ile namba ya pili ambayo ripoti za benki zetu huwa nayo, bei ya kuuza kwa kulazimishwa, ile ya mnada, sikuiona. Nilipoeleza maana yake, dada akasema huo ni uchuro.

Dada aliridhika. Alimpigia mwenzake simu wakataniana kwa Kiingereza, nikasikia namba ikitajwa mara mbili. Shemeji alikuwa ameshaenda kulala.

Nilibaki na kurasa za mwisho, zile za picha. Jikoni, bila sisi. Bafu. Nusu bafu. Besimenti, makochi yamepangwa kama dukani. Nyuma, tuta la maboga limeingia kwenye pembe ya picha. Kisha sebule. Ukuta wa sebule ulipakwa rangi ya maziwa miaka mingi iliyopita na umekuwa ukichakaa polepole, isipokuwa pale ulipofunikwa. Kwenye picha ya mzee, chini ya mwanga wa saa nne, mistatili ilionekana wazi, myeupe kuliko ukuta, na juu ya kila mmoja msumari wake. Nikaihesabu. Nikamwita dada, akaja akifuta mikono, akainama.

"Huu ndio wa mama," akasema, akauwekea kidole.

Kisha akauliza ukurasa huo ni wa ngapi, akaenda kuzima jiko.